Pale Kipira Kilipolala

Kwa wiki tatu swali moja lilininyima usingizi, na lilikuwa swali ambalo nisingeweza kumwuliza mtu bila kuchekwa. Ukikisogeza kipira cha gofu kwa ncha ya kiatu, hatua chache tu, ili mzee anayekuja nyuma yako akikute mahali pazuri, je, umemheshimu au umemwibia? Niliigeuza ile habari upande huu na upande ule. Nilijiambia kwamba ni mchezo tu. Kisha nikajijibu kwamba hata bao ni mchezo, na watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya kete moja. Mama, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja katika mtaa wa Gudele, alichoka na mihemo yangu. "Hiyo hewa unayoivuta kwa nguvu hivyo," aliniambia, "tubakizie na sisi."

Nilikuwa nimerudi Juba na shahada ya utalii niliyoipata Kenya, nchi nilikokulia tukiwa wakimbizi. Shahada yangu ilikuwa imejaa simba, fukwe na hoteli za nyota tano. Juba haikuwa na foleni ya watalii. Nilipata kazi ya majaribio ya miezi mitatu katika ofisi ndogo ya tiketi, mtaa wa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipaa unamwomba mteja wa kwenye simu asubiri. Wateja wetu walikuwa watu wa mashirika wanaokwenda likizo, wafanyabiashara wa kwenda na kurudi Entebbe, na wagonjwa. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja Mkenya, mchangamfu, mkali, ambaye sote tulimwita Madam. "Sote" maana yake ni mimi na mlinzi.

Mzee aliingia siku moja ya Jumanne akiwa na vumbi la saruji kwenye mikono ya shati. Alikuwa Mganda, na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Kator kwa miaka mingi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile, mvua ya ghafla isiyokuwa ya msimu, na koti langu la mvua lilikuwa limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Mzee alilisalimia lile koti kwa heshima zote, akaliuliza habari za nyumbani, ndipo akaja kukaa mbele yangu. Nilidhani ni mtani. Nilicheka, naye akacheka, na kwa kuwa tulicheka pamoja sikulifikiria tena jambo lile, mimi ambaye hufikiria kila kitu.

"Mimi iko na rafiki Uingereza," alisema. "Yeye nasema kuna kisiwa, mlima yake ilitapika moto zamani, halafu wazungu wakapanda majani juu. Wanacheza gofu hapo. Wewe nitafutie uwanja muzuri."

"Mzuri kwa namna gani, Mzee?"

"Muzuri ya gofu." Alinikazia macho, au ndivyo nilivyodhani. "Wewe umeona gofu?"

"Chuoni tulisoma sura moja."

"Sura moja!" Alimgeukia Madam, akamwita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, huyu atanichagulia uwanja na sura moja?"

Madam alikuwa amesimama tayari, uso umeng'aa kama taa. Ofisi yake haikuwahi kuuza safari ya gofu. Alimhakikishia kwamba mimi nilikuwa mtaalamu, kwamba nilisoma hadi usiku wa manane, kwamba nilikuwa na wasiwasi sana kiasi kwamba hakuna kitu kingeweza kunipita. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

"Basi Jumapili, baada ya misa, kuja Gudele," Mzee aliniambia. "Nitakupa sura ya pili."

Kiwanja chake kilikuwa mwisho wa Gudele, upande ambao nyumba zinapungua na Jebel, mlima wetu, inaanza kuonekana nzima. Alikinunua ili ajenge. Msingi ulikuwa umechimbwa upande mmoja, ukaachwa hivyo. Karibu nao kulikuwa na lundo la kokoto alizozinunua kwa akina mama wanaoponda mawe chini ya Jebel. Na katikati, pale ambapo mtu mwingine angepanda mahindi, Mzee alikuwa ametengeneza shimo moja la gofu. Shimo lenyewe lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililozikwa hadi mdomoni. Kulizunguka, badala ya majani mafupi, alikuwa ametandaza mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, akausawazisha kwa kipande cha bomba hadi ukalala mweusi, laini kama uji wa wimbi uliopoa. Aliniambia kwamba Uganda, kwenye viwanja vya mashambani, ndivyo wanavyofanya, maana majani ya Kizungu yanataka maji kuliko ng'ombe.

Alinipa mfuko wa fimbo niubebe. Fimbo zilikuwa sita, hakuna mbili zilizofanana.

"Kazi yako ni kedi," alisema. "Kedi nabeba, kedi naangalia mupira inalala wapi. Kedi hapana ongea mingi."

Akapiga. Mlio ulikuwa mkavu, mzuri, kama mtu amevunja muwa. Nilikiona kipira kikipaa, kikigeuka kulia, kikaangukia karibu na msingi.

"Imeenda wapi?" aliuliza.

"Kulia, Mzee. Karibu na msingi."

"Najua, najua. Nakupima tu."

Jumapili ile aliniuliza swali hilo kila alipopiga, na kila mara alikuwa ananipima tu. Ya pili vilevile. Katikati ya wiki nilipita dukani kwake Kator kumpelekea fomu, nikamwona mteja akiomba misumari ya inchi tatu. Mzee hakuangalia masanduku. Aliingiza kidole gumba katika la kwanza, la pili, la tatu, akapapasa, akachota. Fomu yangu aliisogeza karibu na pua, kisha mbali, kisha akasema atasaini baadaye. Nilirudi ofisini, nikasimama mlangoni. Koti la mvua lilikuwa bado kwenye msumari, limekauka siku nyingi.

Sasa, kazi ya ofisini. Nilikuwa natakiwa kumwandalia orodha ya viwanja vya kile kisiwa, kimoja kati ya Visiwa vya Kanari, nami nilikuwa nimevisoma hadi nikaanza kuviota. Nilivichuja vikabaki vitatu. Cha kwanza kiko kusini, tambarare, kati ya mitende na hoteli, na mashimo yake ya mchanga, yale ya kunasa vipira, yamejazwa majivu meusi ya volkano badala ya mchanga mweupe. Cha pili kiko juu mlimani upande wa kaskazini, kwenye misonobari, ambako ukungu hushuka mchana na wachezaji huvaa masweta. Cha tatu ndicho kilichonipa kiu ya kuendelea kusoma. Kilikatwa katikati ya lava, ule uji wa mawe ulioshuka kutoka mlimani, ukapoa, ukabaki mweusi wenye ncha kama vigae. Majani ya kijani yanapita humo kama mto mwembamba, na shimo la mwisho liko juu ya genge, chini yake bahari. Kipira kikiingia kwenye lava, ni marufuku kukifuata. Mawe yanakata viatu, na ardhi ina mashimo yaliyofunikwa.

Nilipenda kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo watu walimwagikiwa na moto, kisha wakarudi wakapanda majani. Nililiandika wazo hilo kwenye orodha, Madam akalifuta. "Mteja hanunui falsafa, mrembo. Andika umbali kutoka hotelini."

Ilikuwa Jumapili ya tatu, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya saruji tunakunywa chai, ndipo Mzee aliponieleza kwa nini kisiwa. Yeye na huyo rafiki yake walikuwa watoto wa Jinja, wakibeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu. Kedi hakuruhusiwa kucheza isipokuwa Jumatatu, wenyewe wakiwa kazini. Jumatatu hiyo walicheza wawili kwa fimbo moja ya kuazima, wanapokezana, wanashindana, wanagombana. Rafiki akaenda Uingereza, akaendesha mabasi hadi akastaafu. Sasa alikuwa amempigia: njoo, tumalize ule ushindani, tucheze siku ambayo si Jumatatu.

Kisha akanisimulia habari ya bosi wake, Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa.

"Macho yake ilikwisha," alisema. "Lakini gofu hapana acha. Mimi nilikuwa natembea peku. Nashika mupira na vidole ya mguu, hivi, natembea nayo kama mimi iko natafuta. Naweka kwa majani muzuri. Naita, 'Bosi, iko hapa!' Yeye nafurahi. Mpaka akakufa, alijua yeye ni bingwa ya Jinja."

"Hakuwahi kujua?"

"Atajua aje? Kedi ndiyo macho yake." Alicheka hadi chai ikamwagika. "Ile haikuwa wizi, binti. Ile ilikuwa adabu."

Akasimama akapiga. Kipira kiliingia moja kwa moja katika mtaro wa msingi.

Nilitembea na mfuko begani huku kichwa kikizunguka. Je, alikuwa ameniambia hadithi tu? Au alikuwa ananiomba? Kama ananiomba, kutofanya ni utovu wa adabu. Kama haniombi, kufanya ni udanganyifu. Na kama ananipima, je, jibu sahihi ni lipi? Nilikiokota kipira mtaroni, nikakiangusha kwenye udongo mgumu hatua mbili hivi mbele, nikaita, "Mzee, iko hapa!"

Alikuja, akainama, akakiona kwa umbali wa mkono. Tabasamu alilolitoa sijaliona kwa mtu mzima mara nyingi.

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili iliyofuata hatua tano. Kisha kumi. Kipira kikienda kwenye kokoto, nilikisukuma kwa ncha ya kiatu huku nikikohoa ili kokoto zisisikike. Nilikuwa nimejifunza kutembea kama mtu anayetafuta. Mzee alianza kuimba wimbo wa kanisani akiwa anapiga. Aliniambia anarudi kijana.

Nilijitetea kwa kumfikiria Mama. Miaka yote nikiwa shuleni Kenya, yeye akiwa ametangulia kurudi Juba, alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba nyumba yetu ya Gudele ina ua mzuri na kivuli. Nilipofika nilikuta ua ni turubai lililochanika, na kivuli ni cha turubai hilohilo. Sikumkasirikia. Nilielewa kwamba kila simu aliisogeza nyumba ile hatua mbili tatu mbele ili mimi niweze kuusomea mtihani wangu. Upendo mwingi niliopewa maishani ulikuja hivyo, umesogezwa kidogo. Kwa hiyo nilijiuliza mimi ni nani hata niwe mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumwambia mzee mahali halisi kipira kilipolala.

Lakini Mama hakuwa amenipeleka kwenye genge juu ya bahari.

Mzee alikwenda Kampala kushughulikia viza, akarudi nayo. Mke wake, ambaye anaishi kule na wajukuu, alikuwa amemkamata akampeleka kwa daktari wa macho bila kumwuliza. Alinieleza habari hiyo ofisini, akiichukulia kama mzaha wa wanawake.

"Daktari nasema iko presha ndani ya macho. Nasema ile imekwisha kwenda imekwenda, sasa tulinde ile imebaki. Ananipa tarehe ya kupasua." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Niliisoma. Tarehe ilikuwa katikati ya juma lile lile la safari ya kisiwani.

"Mzee, siku hizi zinagongana."

"Najua. Nitaenda nikirudi."

"Lakini kama daktari amesema..."

"Daktari ameniona dakika kumi. Wewe umeniona Jumapili ngapi?" Aliegemea kwenye kiti, ameridhika. "Mtu hapana ona, anaweza kupiga mupira vile mimi napiga sasa? Mimi nilimwambia mama watoto: iko binti Juba, msomi, kedi yangu. Yeye ni shahidi."

Shahidi. Niliikunja ile karatasi mara nne, nikamrudishia.

Kisha akataka orodha. Mwanzoni alikuwa ameelekea kile kiwanja cha kusini, cha tambarare na mitende. Sasa aliweka kidole juu ya picha ya tatu, au karibu nayo, akasema, "Hii ya mawe nyeusi. Mimi na yeye tutamalizana hapa."

Siku hiyo niliwaandikia watu wa uwanja ule swali moja: je, wana kedi wa kukodi? Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata, la adabu na fupi. Hapana. Hapa wachezaji huendesha vigari, na kila mmoja hutafuta mpira wake mwenyewe.

Nililisoma jibu hilo kama mtu anayesoma matokeo ya damu. Mimi nilikuwa nimedhani, na Mzee alikuwa amedhani, kwamba gofu na kedi ni kitu kimoja, kama harusi na bibi harusi. Katika dunia yake hapakuwahi kuwa na mchezaji asiyekuwa na mtu wa kumwonea. Nilimtajia jambo hilo kwa mbali, nikisema nimesikia kwamba huko Ulaya wachezaji wengi hucheza peke yao, labda rafiki yake angemsaidia kuangalia.

Alikunja uso. "Yule? Yule nashindana naye tangu utoto. Mtu unashindana naye hapana weza kukuonyesha mupira."

Nikamwendea Madam. Sikumweleza habari ya kiatu changu. Nilimwambia tu kwamba mteja haoni vizuri na ana tarehe ya hospitali.

"Amekwambia anataka kuahirisha?" aliuliza bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Hapana."

"Viza anayo?"

"Anayo."

"Basi nini shida? Wee msichana, mteja amekuja kununua furaha, na wewe unataka kumfungashia wasiwasi wako kama zawadi. Unajua uliniuliza mara ngapi kama ndege ya Addis inaondoka saa za Addis au saa za Juba?" Aliinua kichwa, sauti ikashuka. "Majaribio yako yanaisha mwezi huu. Nataka kukubakisha. Usinipe sababu."

Hakuwa mtu mbaya. Aliniona kama ninavyoonekana: mtu anayeogopa sana, kwa hiyo hofu zake hazina uzito, kama jogoo anayewika kila saa. Na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nilikuwa nimeogopa vitu vingi visivyotokea hata nilipokutana na kimoja cha kweli sikuwa na njia ya kukitofautisha. Nilikaa nikavipanga. Nikisema, Mzee ataaibika, atanichukia, huenda asiende kisiwani kabisa, ushindani wa Jinja ubaki haujaisha, na mimi nirudi kukaa chini ya turubai la Mama na shahada yangu. Nisiposema, atapoteza hospitali, halafu atasimama juu ya mawe meusi katika upepo wa bahari, apige, aulize, "Imeenda wapi?" na asijibiwe na mtu. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu. Niliweza kumwandikia rafiki yake. Niliweza kumpigia mke wake. Niliweza kujifanya mgonjwa Jumapili, apige bila mimi, ajionee mwenyewe. Kila njia ya tatu niliyoipata ilikuwa na sura ileile: mimi nikikisogeza kipira tena, hali Mzee yuko nyuma haoni.

Jumapili ikaja. Nilikwenda Gudele bila uamuzi, na hilo nalikiri. Upepo wa kiangazi ulikuwa unabeba vumbi, Jebel imefifia. Mzee alikuwa amevaa fulana mpya ya kola aliyoletewa kutoka Kampala, ya safari, anaijaribu. Alisimama, akapanga miguu, akapiga. Mlio ulikuwa mzuri kama siku zote. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Kipira kilipinda kulia, kikaingia katikati ya lundo la kokoto, kikaruka mara mbili, kikakwama.

Nilikwenda na mfuko. Nilikifikia. Kiatu changu kilikuwa tayari, naomba niliseme hili wazi, kiatu kilikwishanyanyuka. Kikohozi pia kilikuwa tayari kooni.

"Iko wapi?" aliita.

Nikakiteremsha kiatu.

"Iko kwenye kokoto, Mzee."

"Kokoto?" Alicheka. "Tangu lini mimi napiga kokoto?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

Alianza kuja, akielekea kushoto kidogo, pale ambapo siku zote nilikuwa nikimwekea. Alifika pale, akasimama, akainama, akatazama ardhi tupu. Nikamwita. Akageuka na kuifuata sauti yangu, na alipofika karibu nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu, nikauteremsha ndani ya kokoto hadi vidole vyake vikagusa kile kipira. Alikishika hapohapo bila kukitoa. Alipapasa mawe yaliyokizunguka, moja moja, kwa kidole gumba, kama anavyopapasa misumari.

"Hii nani angeweza kupiga kutoka hapa," alisema polepole.

"Hakuna mtu, Mzee."

"Na ile ya wiki jana? Ile karibu na shimo, nikaingiza kwa mara mbili?"

"Ilikuwa hapahapa. Niliisogeza."

"Mbali?"

"Ngoja nikuonyeshe."

"Utanionyesha aje?" Sauti ilimpasuka. "Mimi hapana ona, utanionyesha aje!"

Maneno hayo yalitoka, yakabaki hewani katikati yetu. Nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuyasikia. Nilitaka kusema pole, nilitaka kusema kwamba labda ni vumbi, kwamba hata mimi siku hiyo sikuwa naona vizuri. Badala yake niliutua mfuko chini. Nikasimama kando ya kipira na nikaanza kutembea kuelekea kwenye kopo, nikihesabu kwa sauti kubwa ili asikie kila hatua na pia asikie sauti yangu ikienda mbali. Moja. Mbili. Tatu. Majirani waliokuwa wanarudi kutoka kanisani walisimama kututazama. Kumi. Kumi na moja. Nilifika mahali nilipokiweka wiki iliyopita, nikageuka.

"Kumi na saba!" nilipiga kelele.

Mzee alikuwa bado amechuchumaa kwenye kokoto.

"Kumi na saba," alirudia. Kisha, kwa hasira ya kweli: "Yule Muhindi mimi nilimsogezea tatu. Nne, siku ya mvua! Wewe kumi na saba! Wewe ni mwizi mukubwa, binti."

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana niitikie ndiyo!"

Nilirudi nikachuchumaa mbele yake. Nilimweleza yote yaliyobaki, kwa kuwa nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Kwamba kisiwani hakuna kedi. Kwamba lava hairuhusiwi kuingiwa. Kwamba mimi si shahidi wa macho yake, na asinitaje tena kwa mke wake wala kwa daktari, maana nilichokishuhudia nilikitengeneza mwenyewe. Kwamba uwanja ule ulikuwepo kabla yetu na utakuwepo mwakani, na rafiki yake pia, Mungu akipenda. Kwamba karatasi ya mfukoni mwake haikuwa na mwakani.

Aliendelea kupapasa kokoto moja moja hadi majirani wakachoka, wakaondoka. Kisha akatoa ile karatasi, haikuwa imekunjuliwa tangu siku ile ofisini, akanipa.

"Soma tarehe tena."

Nikasoma.

"Piga kwa mama watoto. Mwambie nakuja." Alipangusa vumbi la kokoto kwenye fulana yake mpya. "Ile ya mupira usimwambie. Ile nitasema mimi."

Nilipiga. Mama watoto alipokea akiwa bado kanisani, ananong'ona, na niliponong'ona nami habari hiyo, nikamsikia akitoka nje, kwa hatua za haraka, na huko nje akapiga vigelegele.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya Madam. Nilijua atauliza, na nilijua nitakachomjibu, ingawa sikujua atafanya nini baada ya hapo. Niliwaandikia watu wa ndege kuomba tarehe za mwaka unaofuata. Niliwaandikia watu wa uwanja wa lava kwamba mteja wangu hatakuja mwezi huo, na kwamba atakapokuja atakuja na mtu wa kumwangalizia mpira, kwa hiyo naomba waniambie kama kigari kina nafasi ya watu wawili. Barua zote mbili nilizituma bila kuzisoma mara ya pili.